SOMO LA KIKUNDI: Picha ya Babu Askari Inatuambia Nini?



Katika nyumba nyingi huku kwetu iko picha ya zamani ya mzee akiwa na sare ya Keya, yaani King's African Rifles. Wengi wa wazee hao wametutoka, na wajukuu hawajui hata jina. Basi katika mkutano ujao kila mwenye picha ailete, tuichunguze pamoja.

Mambo ya kuangalia

1. Kofia. Kofia pana yenye ukingo uliokunjwa upande mmoja ilivaliwa sana katika Vita vya Pili (1939-1945), hata kule Burma. Kofia ya duara isiyo na ukingo, yenye kitambaa cha kufunika kisogo, mara nyingi ni ya Vita vya Kwanza (1914-1918).

2. Bunduki. Mara nyingi ni Lee-Enfield. Kisanduku chake cha risasi kinatokeza chini, mbele ya mahali pa kufyatulia. Lakini ilitumika katika vita vyote viwili, kwa hiyo peke yake haitoi mwaka.

3. Kiunoni. Hapa wengi hukosea. Kitu kirefu chembamba kinachoning'inia pajani ni singe, kisu cha kuchomekwa mdomoni mwa bunduki. Bastola hukaa katika mkoba mfupi wenye kifuniko, na pengine utaona kamba kutoka kwenye mpini wake hadi shingoni ama begani. Bastola ilibebwa zaidi na maofisa, na siku zile maofisa wa Keya karibu wote walikuwa Wazungu.

4. Mkononi. Alama za V mbili ni koplo, tatu ni sajini. Kichwa cha kifaru ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944.

Asiye na silaha asidharauliwe. Jeshi lilikuwa na madereva, wapishi na wachukuzi. Mtaa wa Kariokor, Nairobi, umepata jina lake kutokana na Carrier Corps, wachukuzi wa Vita vya Kwanza. Maelfu yao walikufa, wengi kwa magonjwa.

Tahadhari

Picha nyingine ni za miaka ya Hali ya Hatari (1952-1960). Bunduki inaonyesha kazi, haionyeshi moyo wa mtu. Hapana kutumia picha kushtaki jamaa ya jirani.

Kazi ya kila nyumba

- Muulize mzee aliye hai: huyu ni nani, alikuwa wapi?
- Andika jina nyuma ya picha kwa penseli, polepole, bila kukandamiza.
- Usiioshe kwa maji.
- Usimpe mgeni aondoke nayo.

Tujadiliane

Someni Yoshua 4:1-7. Mtoto akiuliza maana ya picha iliyo ukutani, tutamjibu nini? Ni nani katika kijiji chetu tumwendee wiki hii, kabla hajatutoka?