Somo la Utamaduni: Mashua za Joka na Jirani Zetu

Kaaga haina ziwa, lakini mbio za mashua zina funzo kwetu. Nchini China, siku ya tano ya mwezi wa tano wa kalenda ya jadi, mashua zenye kichwa cha joka hushindana. Kwa kawaida wapiga kasia ni 20. Mpiga ngoma huwapa mdundo na mmoja hushika usukani. Asiyefuata mdundo huichelewesha mashua nzima. Huku kwetu Kenya, Tamasha la Utamaduni la Lamu huwa na mashindano ya majahazi.

Kumbuka: Julai 2017 Serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44. Wengi wao asili yao ni Bara Hindi, si China. Tusiwaite wageni.

Zoezi: Muulize jirani wa jamii nyingine chanzo cha sikukuu yake.