Shangazi na Deni la Nyuma la Umeme

Muhula uliopita niliwaahidi wanafunzi wa Kidato cha Tatu kwamba nitawaandikia hesabu moja isiyokuwamo katika kitabu chao. Hesabu yenyewe ni ya deni la umeme, na mdaiwa ni shangazi yangu, mjane akaaye Tanga, ambaye riziki yake ni kuuza barafu za ukwaju na maji baridi. Amenipa ruhusa nieleze yote, ila jina lake nisilitaje.

Kwanza huenda msomaji akauliza: mtu alipaye kabla ya kutumia adaiweje? Nyumba yake ina mita ya LUKU. Hununua umeme, akapewa tarakimu 20, akazibonyeza katika mita, na uniti zikiisha taa huzimika. Mimi pia nilidhani kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuwa na deni. Lakini mita ni chombo kama mizani ya dukani. Mizani ikiharibika, mchele hutoka zaidi ya ulioandikwa, na mwenye duka akigundua atakuja na hesabu yake.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwisho wa Machi 2023 fundi alikuja kukagua, akaona mita inahesabu pungufu, akaing'oa na kuweka mpya. Mwezi wa Mei ikaja barua kutoka ofisi ya umeme kwamba shangazi anadaiwa uniti 1,872 za miezi 24 iliyopita. Kila uniti ilipigiwa shilingi 356.24, na jumla ikawa shilingi 666,881.28. Tena barua ilisema kwamba kila atakaponunua umeme, nusu ya fedha itakatwa kulipia deni.

Hapa nieleze jambo ambalo wengi hulikosea. Deni hili halikai ndani ya mita. Hukatwa kule kule umeme unakouzwa, kabla zile tarakimu 20 hazijatolewa. Kwa hiyo kubadili mita au kuibonyezabonyeza hakusaidii kitu. Kodi ya majengo nayo, tangu mwaka 2021, hukatwa kwa njia hiyo hiyo, na shangazi alikuwa ameichanganya na deni mpaka tulipozitenganisha katika risiti.

Nilipofika Tanga wakati wa likizo ya Juni nilimkuta amelizima friza lake jipya na kupanga kanga ndani yake. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mwezi wa Aprili alitumia uniti 190, yaani shilingi zipatazo 67,700. Kwa kukatwa nusu, uniti hizo hizo zingemtaka shilingi zaidi ya 135,000. Barafu za ukwaju haziwezi kubeba mzigo huo.

"Mwanangu," aliniambia, "wanasema niliiba."

Nikaisoma barua mara ya pili. Haikusema aliiba, ila ilisema mita "haikuwa katika hali yake", na majirani walikwisha kuitafsiri wapendavyo. Nikamwomba karatasi aliyoachiwa na fundi. Alikuwa ameikunja ndani ya Msahafu. Fundi ameandika kwa mkono wake kwamba lakiri zote zilikuwa nzima, na akatia sahihi. Karatasi ile ilikuwa na thamani kuliko hesabu zangu zote, maana mita ambayo lakiri yake haijavunjwa ni vigumu kusema imechezewa. Nikamwambia asiitoe mkononi mwake. Tukapiga nakala tatu.

Baada ya hapo tukaja kwenye hesabu. Bei sikuibisha. Mwaka ule uniti kwa mtumiaji wa kawaida ilikuwa shilingi 292, ukiongeza asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya EWURA. Jumla ni asilimia 122, na 292 mara 1.22 ni 356.24. Wanafunzi wahakikishe wenyewe.

Nilitaka kujua ile 1,872 imetoka wapi. Nilikwenda ofisini pamoja na shangazi, na karani, kijana mwenye adabu, akatuonyesha. Walichukua wastani wa miezi sita ya mwisho ya mita ya zamani, uniti 112. Wakachukua mwezi wa kwanza wa mita mpya, uniti 190. Tofauti ni 78. Wakaizidisha kwa miezi 24.

Kuzidisha kwao hakuna kosa hata kidogo. Lakini ndani ya hesabu ile mna mambo mawili ambayo hakuna aliyeyapima: kwamba mita iliharibika miezi 24 kabla, na kwamba shangazi wa Aprili alikuwa akitumia umeme sawa na shangazi wa zamani. Ukikosea katika hayo mawili, kuzidisha kwako kuwe sahihi namna gani, jibu litakuwa la uongo.

Kuhusu la kwanza tulisaidiwa na daftari. Shangazi aliwahi kupoteza simu na ujumbe wote wa umeme, na tangu siku hiyo huandika kila ununuzi katika daftari la mistari: tarehe, fedha, uniti. Nikachora mchoro, miezi chini na uniti ubavuni. Mwanzo mistari ilipanda na kushuka ovyo, kwa sababu uniti alizonunua mtu mwezi huu si lazima azitumie mwezi huu. Pengine kanunua nyingi tarehe 30. Nilipojumlisha miezi mitatu mitatu ovyo ule ukaondoka. Toka Aprili 2021 hadi Juni 2022, miezi 15, alinunua uniti 2,370, yaani wastani wa 158. Toka Julai 2022 hadi Machi 2023, miezi 9, alinunua 1,008, yaani 112. Mchoro ulishuka kama ngazi, mara moja, na haukupanda tena.

Nilimwuliza kama biashara ilipungua wakati huo. Akacheka: Desemba na Januari Tanga, nani asiyetaka maji baridi? Ila alikumbuka kwamba mwisho wa Juni 2022 umeme ulikuja kwa nguvu usiku, ukaunguza redio na balbu mbili. Siwezi kuapa kwamba ndio ulioharibu mita, lakini tarehe zinapatana. Na kwa nini hakusema uniti zilipoanza kukaa muda mrefu? Alidhani ni baraka. Sikumlaumu.

La pili lilikuwa friza. Risiti ya dukani yaonyesha alilinunua tarehe 2 Aprili 2023, siku chache baada ya mita mpya kuwekwa. Basi zile uniti 190 zilikuwa na mgeni ndani yake. Ili kumpima mgeni huyo tuliondoa kanga, tukaliwasha siku nzima lipoe, na usiku tukazima kila kitu kingine, hata taa ya uani. Saa moja jioni tukasoma mita, na saa moja asubuhi tukaisoma tena. Zimepungua 0.5. Kwa saa 24 ni uniti 1, kwa mwezi 30. Mchana friza hufunguliwa mara nyingi zaidi na bila shaka lilikula zaidi, lakini sikudai nisichokipima.

Sasa toa 30 katika 190: inabaki 160. Linganisha na ile 158 ya daftari. Nakiri kwamba nilipoona namba hizi mbili zimekaribiana hivyo, kila moja ikitoka njia yake, niliamka na kuzunguka uani. Mita mbovu ilikuwa ikihesabu 112 katika kila 160, ndiyo saba katika kila kumi.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja. Tulitumia 160, iliyo kubwa, tusije tukaambiwa tumejipendelea. Tofauti 48, mara miezi 9, ni uniti 432; kwa shilingi 356.24 ni shilingi 153,895.68. Tuliambatisha nakala za daftari, risiti ya friza na karatasi ya fundi, tukaomba ukataji wa nusu usimame mpaka jibu litoke, na barua ikapigwa mhuri wa kupokelewa katika nakala yetu. Bila mhuri, wiki tatu baadaye hujui kama uliandika. Tuliongeza kwamba tusiporidhika tutapeleka lalamiko EWURA, mamlaka iliyowekwa na sheria ya mwaka 2001 kusimamia huduma hizi, ambayo humtaka mlalamikaji aanze kwanza kwa mtoa huduma. Huko Uingereza tangu mwaka 2018 muuza umeme haruhusiwi kudai matumizi yaliyopita miezi 12 ikiwa kosa si la mteja. Kwetu nilitegemea daftari.

Hatukuhitaji kufika EWURA. Ofisi ilimtuma fundi mwingine, akalirudia jaribio la friza usiku mmoja, akapata kama sisi. Julai wakaandika kwamba deni ni uniti 432, lilipwe kwa miezi 12, shilingi 12,824.64 kila mwezi. Shangazi alinung'unika: kwa nini alipe kosa la mita isiyo yake? Tulibishana juu ya hilo mpaka usiku. Mimi nasema umeme aliutumia na barafu aliziuza. Yeye anasema aliuza kwa bei ya umeme aliojua, na kama angalijua angalipandisha senti. Sikupata jibu zuri la hoja hiyo, na wazazi wenye jibu na waniletee. Alimaliza kulipa Juni 2024.

Wanafunzi wajaribu hii: kama friza lingekula uniti 45 kwa mwezi badala ya 30, deni lingekuwa uniti ngapi? Na je, jibu hilo lingepatana na ile 158 ya daftari? Majibu yaletwe kwangu, pamoja na mchoro, kabla ya wiki ya tatu ya muhula.