Usiwaulize kama wanataka maji safi

Kwenye mkutano wa kijiji, ukiuliza "mnataka maji safi?" wote watanyoosha mikono, na kamati ya maji itaondoka bila kujua lolote. Uliza hivi: kwa fedha hizi tulizonazo, kipi kitangulie?

Chukua vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, mkoani Arusha, ambako chemchemi nyingi zina floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4. Floraidi haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuitoi: maji yakipungua sufuriani, yenyewe inazidi kukolea. Ndiyo maana mwananchi akiachiwa achague, atataka gati la maji lisogezwe karibu. Usimlaumu. Umbali anaubeba kichwani kila asubuhi. Floraidi huja kuonekana baada ya miaka, kwenye meno ya watoto yaliyoingia ukahawia.

Kwa hiyo anza na vipimo. Peleka sampuli maabara ya maji, kisha soma majibu mbele ya watu, chanzo kwa chanzo.

Halafu gawa punje za mahindi, kumi kwa kila mtu, na panga ndoo nne ambamo kila mtu atagawa punje zake apendavyo: gati jipya, kukarabati bomba, kupima maji, kuchuja floraidi. Kila ndoo iandikwe gharama ya kujenga na ya kuendesha. Hii ya pili ndiyo husahaulika. Chujio la mkaa wa mifupa, kama linalofanyiwa utafiti kituo cha Ngurdoto, huchoka. Mkaa usipobadilishwa mtakunywa maji yaleyale mkidhani yamechujwa. Punje za wanawake zihesabiwe peke yake, maana wachotaji ni wao, na mbele ya waume zao wengi hunyamaza.

Kwenye bei, usitangulie kutaja yako. Ukisema shilingi 50 kwa ndoo, majibu yote yataizunguka hamsini. Uliza wanalipa ngapi leo, na wangeongeza kiasi gani maji yakichujwa. Kisha waambie wazi kwamba watakachosema kinaweza kuwa ndiyo bei, uwaulize tena. Wengi hapo hushuka. Andika jibu hilo la pili.

Ndoo ya kuchuja ikipata punje chache, msiifute. Pigeni hesabu upya kwa maji ya kunywa na kupikia tu. Ya kufulia hayahitaji chujio, na gharama itashuka sana.