Kufuli la Programu: Ufunguo Uko kwa Nani?

Baadhi ya simu janja na kompyuta hukataa programu yoyote isiyoidhinishwa na mtengenezaji wa mfumo endeshi. Simu za Android zimelegezwa kidogo: faili la programu lililotumwa kwa WhatsApp au Bluetooth huweza kusakinishwa, ila mfumo humwuliza kwanza mwenye simu kama anakiruhusu chanzo hicho. Swali hilo ndilo kufuli lenyewe.

Mkazi wa Kidete, anayepima kila megabaiti ya bando lake na kuwa mbali na mafundi wa Kilosa mjini, huona nafuu kurushiwa programu na jirani. Tunaielewa sababu hiyo. Hata hivyo, faili la namna hiyo halikupita kwenye ukaguzi wa duka rasmi, na aliyelituma huenda hajui lilikotoka. Likiwa limechezewa, laweza kusoma ujumbe wenye namba za siri za miamala. Jibu swali hilo kwa kukataa.

Duka rasmi nalo halimalizi kila jambo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo mtandaoni bila leseni. Programu ya mikopo ikiomba kusoma orodha ya majina yaliyomo katika simu, mkopaji ajue kwamba ndugu na majirani zake wanaweza kupigiwa simu za kudaiwa deni lisilo lao. Leseni iulizwe kwanza, popote programu ilipopatikana.

Kwa wanunuzi wa kompyuta mpakato, zipo zinazouzwa zikiwa na Windows katika hali ya S, ambayo hupokea programu za duka la Microsoft pekee. Programu ya hesabu za duka iliyoletwa kwa flashi itakataliwa. Kuitoa kompyuta katika hali hiyo ni bure na hufanywa kupitia duka hilohilo. Fundi asikutoze kwa madai ya kununua ufunguo. Ukishaitoa, huwezi kuirudisha.

Simu iliyotumika yataka uangalifu zaidi, kwa kuwa ufunguo wake waweza kuwa bado kwa mkopeshaji au mwajiri wa mwenye awali. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aifute yote na kuiwasha upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, au ikionyesha kuwa inasimamiwa na kampuni, usitoe fedha. Ikikubali, andikiana naye risiti yenye namba ya utambulisho wa simu, inayopatikana kwa kubonyeza *#06#.