SOMO: Kabla ya Kukandwa Mgongo



Wakati wa mavuno Kitale, gunia moja la mahindi ni kilo 90, na linabebwa mgongoni hadi kwa lori. Kule Nzoia, Bungoma, mkata miwa anainama tangu alfajiri. Jioni mgongo umekakamaa, na wengi wetu tunamtafuta mkandaji. Hatukatazi. Kukandwa vizuri hulegeza misuli na mtu akapata usingizi. Lakini kule kukandwa kwa nguvu, kiwiko kikizama mpaka ndani, kunataka tujiulize kwanza: haya ni maumivu ya misuli, ama kuna kitu kingine?

Tuanze na mguu. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma nyuma chini ya goti, usikubali ukandwe. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukiukanda, kipande chaweza kung'oka kikafika kwenye mapafu, na mtu akafa papo hapo. Walio katika hatari zaidi ni akina mama wajawazito na waliojifungua karibuni, aliyepasuliwa, na aliyelala kitandani muda mrefu. Na hawa ndio tunaowakanda sana nyumbani! Akina nyanya na wakunga, tafadhali hapo muwe macho. Tumbo la mjamzito nalo lisikandwe kwa nguvu, hata ati kumgeuza mtoto. Mtoto aliyekaa vibaya apelekwe kliniki.

Mgongo unaouma usiku na mchana, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, unaweza kuwa TB ya mgongo, na dawa za TB ni bure katika hospitali za serikali. Aliyeanguka kutoka kwa lori au bodaboda apigwe picha kwanza. Mfupa uliovunjika haukandwi. Miguu ikifa ganzi, ama mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali ya rufaa, Kitale ama Bungoma.

Kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, ama una sukari na nyayo hazisikii vizuri, mwambie mkandaji kabla hajapaka mafuta. Na wale wanaosema uchungu mwingi ndiyo dawa? Si kweli. Misuli kuuma siku moja mbili ni kawaida. Ngozi kuvilia damu si kawaida. Ukisema "pole pole" naye akazidi, inuka uende zako.

Ya kuzungumzia kikundini: Ni nani hukanda watu kijijini kwetu, na tutamwalika lini tuyaongee haya pamoja naye?