Mvuto Usiochuja wa Riwaya ya Upelelezi: Mfano wa Bwana Msa

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa mapema kwamba riwaya ya Kiswahili ina mikondo miwili: riwaya dhati na riwaya pendwa. Riwaya ya upelelezi hutiwa katika mkondo wa pili, na mara nyingi mjadala hukomea hapo. Makala haya yanauliza: ikiwa kazi za aina hii ni za kupitishia wakati tu, mbona riwaya za Muhammed Said Abdulla zingali zinasomwa zaidi ya miaka 60 tangu ya kwanza ichapishwe? Tunadai kuwa jibu limo katika ufundi wake, na kwamba kuupuuza ufundi huo kunatupunguzia uelewa wa riwaya ya Kiswahili kwa jumla.

Asili ya utanzu

Wahakiki wengi huanzia kwa Edgar Allan Poe wa Marekani, aliyechapisha hadithi ya mpelelezi Dupin mwaka 1841. Hata hivyo, aliyeupa utanzu huu umaarufu mkubwa ni Arthur Conan Doyle, daktari aliyesomea Edinburgh. Sherlock Holmes alijitokeza mara ya kwanza mwaka 1887, naye Doyle alikiri kuwa alimwiga mwalimu wake wa utabibu, Joseph Bell, aliyeweza kutambua kazi na maradhi ya mgonjwa kwa kumtazama tu. Mwaka 1893 Doyle alimuua mhusika wake, wasomaji wakalalamika, na mwaka 1903 akalazimika kumfufua. Mhusika alikuwa amekwisha kumshinda nguvu muumba wake.

Bwana Msa wa Unguja

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti. Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata ushindi katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, ikachapishwa mwaka 1960. Zilifuata nyingine, zikiwemo Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973) na Siri ya Sifuri (1974).

Athari ya Doyle haifichiki. Bwana Msa ana kiko chake, na ana sahibu yake Najum, kama Holmes alivyo na Watson. Lakini kuiga umbo si kuiga roho. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, maiti inapatikana mahali panapoogopwa, na jamii ina maelezo tayari: mizimu. Mpelelezi basi hapambani na muuaji peke yake. Anapambana pia na jibu ambalo jamii imeridhika nalo. Holmes wa London hakuwa na kizuizi cha namna hii kila siku. Hapa ndipo Abdulla anapoupa utanzu wa kigeni mizizi ya Unguja, na ndipo taharuki inapopata uzito wa kijamii.

Sababu nyingine ni usimulizi. Vidokezo huwekwa mbele ya macho yetu, ila vimechanganywa na mambo yasiyo na maana, hata tukayaona yote sawa. Sahibu wa mpelelezi huona tunachokiona na hukosea tunapokosea. Siri inapofumbuliwa tunalazimika kurudi nyuma na kuyasoma upya mazungumzo tuliyoyadharau. Msomaji wa namna hii hafarijiki tu, bali anafunzwa kusoma kwa makini.

Tatu ni lugha. Mahojiano ya Bwana Msa yamejaa Kiswahili cha Unguja chenye mizaha, mafumbo na adabu ya mazungumzo. Mara nyingi ukweli hufichuka kwa namna mtu alivyojibu kuliko kwa alichojibu.

Pingamizi

Wapo wanaosema kuwa wahusika wa Abdulla hawabadiliki, na kwamba ulimwengu wake hautikiswi na migogoro mikuu ya kitabaka. Hoja hii ina ukweli. Mwisho wa kila riwaya mhalifu hujulikana, na mpangilio wa jamii hubaki ulivyokuwa. Lakini kasoro hii yafaa ijadiliwe baada ya kusoma, isiwe kisingizio cha kutosoma. Isitoshe, waliofuata waliipanua njia hiyo: Faraji Katalambulla kwa Simu ya Kifo (1965), na Elvis Musiba kwa Kufa na Kupona (1974), ambamo upelelezi unaingia katika siasa za ukombozi. Historia ya riwaya yetu haielezeki vyema bila msururu huu.

Hitimisho

Tumeonyesha kuwa mvuto wa riwaya ya upelelezi unatokana na imani yake kwamba kila jambo lina sababu, na kwamba akili ya binadamu yaweza kuifikia. Katika jamii ambamo vifo na misiba huelezwa upesi kwa uchawi, na wakati mwingine wanyonge wakaadhibiwa kwa tuhuma tupu, imani hiyo si mchezo. Tunapendekeza wanafunzi waisome tena Mzimu wa Watu wa Kale wakiwa na kalamu mkononi, waorodheshe kila kidokezo kabla ya ufumbuzi, kisha wajiulize ni kipi walikipita na kwa nini. Huenda zoezi hilo likawafunza juu ya msuko zaidi ya fasili nyingi za darasani.