Chungu Mgeni na Mgunga wa Laikipia

Ni nani kati yetu ambaye hajatolewa kitandani usiku na siafu? Huja kama mto, hupenya kila pembe ya nyumba, hula mende na kila mdudu wampatao, kisha huenda zao, nasi twarudi kulala. Siafu ni wenyeji, na ukali wao twaujua. Leo nataka tumtazame chungu mwingine, mdogo kuliko siafu, asiyemtisha mtu awaye yote, walakini ameigeuza nchi.

Huko Laikipia, katika Kenya, ziko mbuga za udongo mweusi ambao hunata sana wakati wa mvua. Humo miti karibu yote ni ya namna moja, yaani mgunga mfupi wenye miiba mirefu. Baadhi ya miiba hiyo imevimba chini kama vifundo, na ndani yake ni mitupu. Chungu huitoboa matundu, na upepo ukipita matunduni mti hulia kama filimbi. Ndani ya vifundo hivyo chungu hulea watoto wao, na penye majani mti huwatolea maji matamu. Kodi ya nyumba hiyo ni ulinzi. Tembo akinyosha mkonga ili avunje tawi, chungu humiminika kwa wingi na kumwuma ndani ya pua, mahali palipo laini. Basi mnyama awezaye kuangusha mti mkubwa huuacha mti huu mdogo. Mwaka 2010 wataalamu Goheen na Palmer walieleza jinsi walivyoijaribu habari hii: miti iliyoondolewa chungu wake, tembo waliivunja.

Kisha akaja mgeni, chungu mwenye kichwa kikubwa. Watenda kazi wake ni wa namna mbili, wadogo walio wengi, na askari wachache ambao vichwa vyao vimepita kadiri ya miili yao. Chungu wenyeji hugombana, kundi la mti huu na kundi la mti ule. Lakini wageni hawa wana malkia wengi, wala kichuguu hakipigani na kichuguu jirani. Wote ni kama taifa moja. Huwaua wenyeji, hula mayai yao na watoto wao. Tena wao hukaa ardhini, wala mti hawautetei.

Matokeo yake yalikwenda mbali kuliko mtu angalivyodhani. Mwaka 2024 Douglas Kamaru na wenzake walitangaza waliyoyaona katika hifadhi ya Ol Pejeta. Mahali pa chungu wageni, tembo huvunja miti mara 5 hata 7 kupita mahali pengine. Miti ikipungua, mbuga huwa wazi, na simba hukosa pa kujificha amvizie punda milia. Mwaka 2003, katika kila wanyama 100 waliouawa na simba, punda milia walikuwa 67. Mwaka 2020 walikuwa 42. Idadi ya simba haikupungua, maana wamegeukia nyati. Nyati si windo jepesi, awezaye kumwua simba kwa pembe zake!

Sasa angalieni jambo hili. Chungu huyu huenea polepole, yapata meta 50 kwa mwaka, kwa kuwa makundi mapya hutoka kwa miguu karibu na ya kwanza. Basi akionekana maili nyingi mbali, ni nani aliyemfikisha? Ni sisi, kwa miche, udongo, na mizigo yetu. Wako wanaoleta miche toka mbali ili kupamba kiwanja cha kanisa, nami nimo katika hao. Kabla ya kuipakia, igeuzeni mikebe, mtazame chini yake. Wako pia chungu wa kwetu wenye vichwa vikubwa, kwa hiyo mtu asihukumu kwa haraka. Awatie wachache katika chupa na kumpelekea bwana shamba, na miche ikae kwanza palepale ilipo.